WALDEMAR HAFFKINE (1860–1930): MTAFITI ALIYEJICHANJA MWENYEWE KWANZA



Katika toleo hili la kumbukumbu tunawakumbuka marehemu wetu, na tunawakumbuka pia wale waliotusaidia tukabaki hai. Miongoni mwao wapo ambao hatukupata kuwaona, kwa sababu walifariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mmoja wao ni Waldemar Haffkine, mtafiti aliyetengeneza chanjo ya kipindupindu iliyotumika kwa maelfu ya watu nchini India, na baadaye akatengeneza chanjo ya tauni.

Tumemchagua yeye kwa sababu tatu. Kwanza, magonjwa aliyopambana nayo tunayajua. Waliokuwa Goma mwezi Julai 1994 hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Katika mwezi wa kwanza tu, karibu wakimbizi 50,000 walifariki, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Waliofika Kagunga, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Mei 2015 wakitokea Burundi, nao wanakumbuka. Tauni nayo imeendelea kuwasumbua ndugu zetu wa Ituri kwa miaka mingi.

Pili, Haffkine aliishi karibu maisha yake yote ya kazi nje ya nchi aliyozaliwa. Alilazimika kuanza upya mara kadhaa, na mara nyingine kwa cheo kilicho chini ya elimu yake. Katika kambi yetu wamo walimu, wauguzi na wataalamu wa maabara ambao vyeti vyao vilibaki katika nyumba zilizoungua, au vipo mkononi lakini havitambuliwi. Hao wana lao la kujifunza kwake.

Tatu, kila timu ya chanjo inapopita kambini, lipo swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: nani ameijaribu kwanza? Swali hili ni la haki, wala si la ujinga. Haffkine aliulizwa hilohilo zaidi ya miaka 130 iliyopita, na jinsi alivyolijibu ndiyo habari tunayotaka kuieleza hapa.

KUZALIWA NA MASOMO

Haffkine alizaliwa mwaka 1860 huko Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Wakati ule Odessa ilikuwa chini ya milki ya Urusi. Leo ni mji wa Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye kipato cha kawaida. Mama yake alifariki mtoto angali mdogo.

Mwaka 1879 aliingia Chuo Kikuu cha Odessa kusoma elimu ya viumbe. Mwalimu wake mkuu alikuwa Ilya Metchnikoff, ambaye baadaye, mwaka 1908, alipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi chembe za damu zinavyopigana na vijidudu. Mwalimu huyu alimpenda kijana Haffkine kwa bidii yake, na urafiki wao uliendelea kwa miaka mingi.

Mwaka 1881 mfalme wa Urusi aliuawa, na katika miji mingi ya kusini makundi ya watu yakawashambulia Wayahudi, yakivunja maduka na nyumba zao. Haffkine alijiunga na vijana waliojipanga kulinda mitaa yao. Alijeruhiwa, akakamatwa na polisi, na Metchnikoff ndiye aliyemtetea mpaka akaachiwa. Tangu hapo polisi walimfuatilia kwa muda mrefu.

Alimaliza masomo mwaka 1884 na kufanya kazi katika jumba la makumbusho ya wanyama la Odessa. Huko alichunguza viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho na kuandika makala za kitaalamu. Kwa kazi hiyo angestahili kufundisha chuoni. Lakini nafasi ya uprofesa ilikuwa imefungwa kwa Myahudi, isipokuwa kama angekubali kubatizwa katika dini ya serikali. Haffkine hakukubali. Mwaka 1888 aliondoka Urusi.

KUTOKA GENEVA MPAKA PARIS

Alikwenda kwanza Uswisi, akapata kazi ya kufundisha kama msaidizi katika Chuo Kikuu cha Geneva. Mwaka uliofuata alikwenda Paris. Louis Pasteur alikuwa amefungua taasisi yake mpya, na Metchnikoff, ambaye naye alikuwa ameondoka Urusi, alikuwa akifanya kazi pale. Haffkine aliomba kazi. Nafasi pekee iliyokuwapo ilikuwa ya mkutubi, yaani mtunza vitabu. Aliichukua.

Tunaomba wasomaji wetu waitazame hatua hii vizuri. Mtu mwenye shahada, aliyekwisha kuandika makala zilizosomwa na mabingwa wa Ulaya, alikubali kupanga vitabu kwenye rafu. Ila alizipanga katika jengo lenye maabara, na muda wake wa ziada aliutumia katika maabara hiyo. Mwaka 1890 Alexandre Yersin, msaidizi wa Daktari Émile Roux, aliacha kazi akaenda kusafiri baharini. Haffkine alipewa nafasi yake. Huyo Yersin ndiye aliyegundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong mwaka 1894, na kijidudu hicho kikaja kuwa kazi kubwa ya Haffkine.

CHANJO YA KIPINDUPINDU

Miaka ile kipindupindu kilikuwa kikizunguka dunia kwa mara ya tano. Robert Koch wa Ujerumani alikuwa amekiona kijidudu chake kule Misri na India mwaka 1883 na 1884. Daktari mmoja wa Hispania, Jaime Ferrán, alijaribu kuchanja watu mwaka 1885, lakini wenzake hawakuiamini kazi yake kwa sababu hakueleza wazi namna alivyoifanya.

Haffkine alifuata njia ya hatua mbili. Alikipitisha kijidudu katika miili ya simbilisi, wale wanyama wadogo ambao wengi wetu kutoka Kivu tumewafuga jikoni, mmoja baada ya mwingine mara nyingi, mpaka kikawa kikali kuliko kawaida na nguvu zake zikawa hazibadiliki. Halafu alichukua sehemu nyingine ya kijidudu hicho akaidhoofisha kwa joto la nyuzi 39 na hewa. Mtu angechomwa kwanza ile dhaifu ili mwili ujiandae, na baada ya siku kama sita angechomwa ile kali.

Simbilisi na sungura waliochanjwa walipona. Lakini mnyama si mtu. Tarehe 18 Julai 1892 Haffkine alijichoma sindano yeye mwenyewe. Alipata homa na maumivu mahali pa sindano, akapona baada ya siku chache. Alirudia kwa sindano ya pili. Baadaye rafiki zake watatu kutoka Urusi walikubali kuchomwa, nao wakapona. Mwisho wa mwezi uleule aliwasilisha matokeo mbele ya wataalamu wa Paris, akaeleza kila hatua ili mwingine aweze kuirudia.

Wakati huohuo kipindupindu kilikuwa kinaua watu wengi Urusi, na muda mfupi baadaye kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua zaidi ya watu 8,000. Haffkine alitaka chanjo yake itumike katika nchi yake ya kuzaliwa. Serikali ya Urusi haikukubali. Ndipo balozi wa Uingereza mjini Paris, Lord Dufferin, ambaye aliwahi kuitawala India kwa niaba ya Malkia, alipomfungulia njia ya kwenda India.

INDIA: KUCHANJA NA KUHESABU

Haffkine alifika Calcutta mwezi Machi 1893. Alikuwa na miaka 33, hakujua lugha za wenyeji, na Waingereza wenyewe walimtilia shaka. Kwa baadhi yao alikuwa Mrusi ambaye huenda ni mpelelezi. Kwa madaktari wa jeshi alikuwa mtaalamu wa wanyama asiye na shahada ya udaktari. Kwa wenyeji alikuwa mzungu mwingine aliyekuja na sindano. Inasimuliwa kwamba mahali pamoja palipotokea ghasia, alivua shati akachomwa sindano mbele ya watu, na wengi waliokuwa wakipiga kelele wakajipanga mstari.

Alizunguka kaskazini mwa India miezi mingi, mji kwa mji, akiwachanja waliokubali tu. Kufikia mwaka 1895 yeye na wasaidizi wake walikuwa wamewachanja zaidi ya watu 40,000. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na madaktari wa Kihindi waliofuatana naye, kwa maana wao ndio waliojua kuongea na watu.

Lakini kuwachanja watu wengi hakuthibitishi kwamba chanjo inafaa. Huenda waliochanjwa wasingeugua hata bila chanjo. Haffkine alilijua hilo, na ndiyo sababu jina lake linatajwa na wataalamu wa takwimu hadi leo. Alitafuta mahali ambapo waliochanjwa na wasiochanjwa wanaishi pamoja, wanakunywa maji yaleyale, halafu akahesabu pande zote mbili.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Calcutta mwaka 1894. Mganga mkuu wa mji, Daktari W. J. Simpson, alimwita katika mtaa wa maskini wa Kattal Bagan, ambako watu kadiri ya 200 waliishi kuzunguka bwawa moja la maji. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia. Watu 116 walikubali kuchanjwa, waliobaki walikataa. Siku zilizofuata watu 10 wengine waliugua, na wote 10 walikuwa katika kundi la wasiochanjwa.

Sisi tunaoishi kwa kuchota maji kwenye bomba moja tunaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Nyumba zimegusana, ndoo zimepangwa foleni moja, choo ni kimoja. Kama tofauti inaonekana katika hali hiyo, basi tofauti hiyo ina maana.

Malaria ilimdhoofisha, akarudi Ulaya mwaka 1895 kupumzika. Mwaka 1896 alikuwa tena India.

TAUNI YA BOMBAY

Mwezi Septemba 1896 tauni iligunduliwa Bombay. Katika miongo iliyofuata ugonjwa huu uliua zaidi ya watu milioni 10 nchini India. Serikali ilimwita Haffkine, naye akaanza kazi mwezi Oktoba. Alipewa chumba kimoja na ukumbi katika Chuo cha Udaktari cha Grant, karani mmoja na watumishi watatu. Alifanya kazi usiku na mchana. Baadhi ya wasaidizi wake walishindwa, mmoja akavunjika moyo na kuugua kwa uchovu.

Safari hii alitumia vijidudu vilivyokufa. Alivikuza katika mchuzi wa nyama, akadondoshea matone ya samli juu yake. Vijidudu vilishika kwenye samli na kuning'inia chini kama nyuzi. Alivitikisa vikaanguka, vikaota vingine, mpaka mchuzi ukajaa. Mwisho aliviua kwa joto. Samli ileile inayopikiwa chakula ndiyo iliyomsaidia kupata chanjo ya kutosha kwa mji mzima.

Baada ya miezi mitatu ilikuwa tayari. Tarehe 10 Januari 1897 alichomwa yeye mwenyewe, kwa kipimo kikubwa mara tatu na zaidi ya kile kilichotolewa baadaye kwa watu. Alipata homa kali na maumivu, akaendelea na kazi. Mwisho wa mwezi ule tauni iliingia katika gereza la Byculla. Wafungwa waliojitolea walichanjwa na wengine hawakuchanjwa, wote wakabaki chini ya paa moja na chakula kimoja. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ilionekana wazi. Leo utaratibu hauruhusu kirahisi kujaribu dawa kwa wafungwa, kwa sababu mtu aliyefungiwa ni vigumu kusema hapana kwa uhuru. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa sisi nasi tunaishi mahali ambapo kusema hapana si rahisi.

Nje ya maabara mambo hayakuwa shwari. Serikali ya kikoloni iliamuru askari waingie nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa, wakawatoa watu kwa nguvu na kuchoma vitu vyao. Watu walikasirika mno, na mwezi Juni 1897 ofisa aliyesimamia kazi hiyo katika mji wa Poona aliuawa. Haffkine alishikilia kwamba chanjo iwe ya hiari. Aliamini kuwa mtu anayelazimishwa leo atajificha kesho.

Aliyemsaidia sana kuvunja hofu alikuwa kijana mmoja wa miaka 19, Sultan Mahomed Shah, yaani Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia. Jina hilo si geni Afrika Mashariki. Ndiye ambaye wafuasi wake walimpima kwa almasi mjini Dar es Salaam mwaka 1946, na shule na hospitali nyingi za ukanda wetu zilitokana na jumuiya yake. Kule Bombay aliona kwamba watu wake wanaikataa sindano. Hakuwahubiria tu, bali alichanjwa hadharani, tena zaidi ya mara moja, na habari zikaenea. Maelfu ya Waismailia walimfuata. Pia alimpa Haffkine jumba lake moja litumike kama maabara.

Mwaka huohuo wa 1897 Robert Koch alikuwa Bombay kuchunguza tauni, na kutoka hapo alikuja Dar es Salaam. Mwaka 1898 alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko Kiziba, karibu na Bukoba, ulikuwa tauni ileile. Kwa hiyo habari hizi za India hazikuwa mbali nasi hata wakati ule.

Mwaka 1899 Maabara ya Utafiti wa Tauni ilifunguliwa rasmi katika jumba la zamani la gavana huko Parel, Bombay, na Haffkine akawa mkurugenzi wake mkuu. Malkia Victoria alikuwa amempa nishani. Yule mkutubi wa Paris sasa aliongoza mojawapo ya maabara kubwa kabisa za Asia.

CHUPA MOJA

Wahenga walisema mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Mwaka 1902 serikali ilianza kuchanja mkoa mzima wa Punjab, na maabara ikatakiwa kutoa chanjo kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Haffkine alibadili njia ya kuitengeneza ili kuharakisha kazi, akaacha kutia ndani yake dawa iliyoitwa asidi ya kaboliki, ambayo huzuia vijidudu vingine kuota.

Tarehe 30 Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal, ambacho leo kiko Pakistani, watu 107 walichanjwa. Kati yao 19 walichomwa kutoka chupa moja. Wiki moja hivi baadaye wote 19 walipatwa na pepopunda, wakafariki. Waliochomwa kutoka chupa nyingine hawakupata ugonjwa huo.

Tusipite haraka hapa. Watu 19 walitoa mikono yao kwa sababu waliambiwa itawakinga, wakafa kifo kibaya. Watu wao walikuwa na haki ya kutaka jibu. Serikali ikaunda tume. Tume ikasema uchafu uliingia katika chupa huko maabara Bombay, ikalaumu kule kuacha asidi ya kaboliki. Haffkine alisimamishwa kazi. Mwaka 1904 aliondoka India akiwa mtu ambaye jina lake limehusishwa na vifo 19.

Lakini katika ushahidi uliokusanywa lilikuwamo jambo ambalo tume haikulipa uzito. Siku ile kijijini, msaidizi aliyekuwa akifungua chupa aliangusha koleo ndogo chini kwenye udongo. Aliiokota, akaisuuza tu kidogo katika dawa, akaitumia kufungulia kizibo cha chupa ileile. Udongo ndiyo maskani ya kijidudu cha pepopunda. Tena daktari aliyeifungua chupa hakusikia harufu mbaya, na kama uchafu ungekuwa umeingia majuma kadhaa nyuma kule Bombay, chanjo ingekuwa imeoza na kunuka.

Haffkine alipigania jambo hili miaka mitano. Aliandika, akadai taarifa kamili ichapishwe, akawaeleza wanasayansi mmoja mmoja. Ronald Ross, aliyethibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, aliisoma taarifa hiyo na kuona dhuluma. Mwezi Julai 1907 yeye na wataalamu wengine tisa, akiwamo Simpson wa Calcutta, walitia sahihi barua katika gazeti la The Times la London wakisema kwamba kosa halikutoka maabara. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilikubali na Haffkine akarudishwa kazini.

Kurudishwa hakukuwa kurudishiwa yote. Nafasi yake ya Bombay ilikuwa na mtu mwingine. Alipelekwa kuongoza maabara ndogo huko Calcutta, bila ruhusa ya kutengeneza chanjo. Alifanya utafiti na kuandika tu, hadi alipostaafu akielekea miaka 55.

MIAKA YA MWISHO

Alirudi Ulaya akaishi Ufaransa, kisha Uswisi. Hakuoa. Katika uzee wake aliishika sana dini ya baba zake, na mali aliyoweka akiba aliiacha isaidie shule za dini za Wayahudi maskini wa Ulaya ya Mashariki. Mwaka 1925 maabara ya Bombay ilipewa jina jipya: Taasisi ya Haffkine. Tangu mwaka 1897 hadi mwaka huo zaidi ya vipimo milioni 26 vya chanjo ya tauni vilikuwa vimetoka Bombay. Alifariki mjini Lausanne tarehe 26 Oktoba 1930. Nchi ambayo ilimpokea kwa mashaka ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1964.

KAZI YAKE NA SISI

Tuseme kweli kuhusu chanjo zake. Zilipunguza maradhi na vifo, hazikuvimaliza. Zilileta homa na maumivu, na kinga yake haikudumu. Leo tauni hutibiwa kwa dawa za antibiotiki ikiwahiwa, na chanjo ya kipindupindu hunywewa, haichomwi. Ndiyo hiyo iliyotolewa katika kambi ya Nyarugusu mwezi Juni 2015. Nayo imetengenezwa kwa vijidudu vilivyouawa, kwa fikra ileile ya Haffkine.

Mji wa Calcutta nao uliendelea kutoa watafiti. Mwaka 1971 wakimbizi kutoka Bangladesh walipofurika mpakani, daktari wa Calcutta aitwaye Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya drip katika kambi ya Bangaon. Akachanganya sukari na chumvi katika maji safi, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kati ya kila wagonjwa 100 hadi chini ya wanne. Kila mama wa kambi yetu anayemchanganyia mtoto maji ya ORS anaendeleza kazi iliyothibitishwa kambini, miongoni mwa wakimbizi.

Kwa hiyo tunaona mambo manne ya kushika.

La kwanza ni kwa wahudumu wa afya wa jamii na viongozi wa mitaa. Atakaye kuaminiwa na atangulie. Haffkine hakumchoma mtu kitu ambacho mwili wake haukukipokea kwanza, na Aga Khan hakuwaagiza watu wake pale alipoogopa kwenda. Siku ya chanjo, kiongozi asimame wa kwanza kwenye mstari, na watoto wake nyuma yake.

La pili ni kwa watumishi wa mashirika. Haffkine aliwachanja waliokubali na akawaeleza waliokataa. Askari wa Poona walitumia nguvu wakazaa chuki iliyodumu kuliko tauni. Ndugu zetu, mkija na dawa njooni na maelezo pia, kwa lugha tunayoielewa, na muda wa kujibu maswali. Mkitokea na kosa, lisemwe wazi na lichunguzwe mpaka mwisho. Watu 19 wa Mulkowal walistahili hivyo, na mtafiti aliyelaumiwa bure alistahili pia.

La tatu ni kwa kila mwenye kushika daftari. Hesabu ya Kattal Bagan ina nguvu mpaka leo kwa sababu wasiochanjwa nao waliandikwa. Habari ya koleo iliyoanguka ilimwokoa mtu baada ya miaka mitano kwa sababu iliandikwa. Anayeandika idadi ya wagonjwa wa mtaa wake jioni, kwa taa ndogo, asidhani kazi yake ni ndogo.

La nne ni kwa vijana wetu na kwa wataalamu waliokaa bila kazi. Haffkine alinyimwa uprofesa, akatunza vitabu. Alipewa chumba na ukumbi, akatoa chanjo. Alivunjiwa jina, akalidai tena kwa ushahidi. Hatusemi kwamba mateso ni mema, wala kwamba kila anayevumilia atapata. Wengi wamevumilia wasipate. Tunasema kwamba elimu iliyomo kichwani haibaki mpakani wakati mtu anapovuka. Mwenye elimu ya uuguzi na aombe kusaidia zahanati hata kwa kazi ya kupanga kadi, na wanaosimamia zahanati wamwangalie vizuri huyo anayepanga kadi.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haffkine alikuwa mgeni Geneva, mgeni Paris, mgeni Calcutta na Bombay, na wenyeji walipona kwa mikono yake. Tunaikumbusha methali hii kwa wenyeji wanaotupokea na kwetu sisi wenyewe, ili kila mmoja ajue kwamba mgeni naye ana kitu cha kutoa.

Marehemu wetu wapumzike kwa amani. Walio hai, tutunze kadi za chanjo za watoto wetu, tuchemshe maji, na tunawe mikono.

Kamati ya Jamii, Kitengo cha Afya na Elimu